Nilifuata hekalu tabaka 18 kusini mwa Iraki, nikakuta kichuguu

Siku ya 1: Najaf hadi Nasiriyah

Kikundi chetu cha ziyara kilimaliza Karbala na Najaf, wenzetu wakarudi Dar, tukabaki wawili, mimi na Mwalimu. Yeye ni mstaafu, amefundisha Kiarabu madrasa mpaka kaota mvi, mimi ni fundi ujenzi wa Tanga, mwiko nimeushika tangu nina miaka 16 na Kiarabu changu hakivuki kile cha kwenye sala. Yeye ananiita Fundi mimi namwita Mwalimu, basi yameisha hapo.

Kilichotubakisha ni ugomvi. Kuna mteja alitaka nimjengee juu ya msingi wa banda la zamani bila kulivunja, nikamkatalia, siku ya pili akanirushia kwenye simu mchoro wa hekalu la Eridu, mji wa kale wa kusini mwa Iraki, hekalu juu ya hekalu juu ya hekalu, tabaka 18, chini kaandika "mbona hawa waliweza". Kazi akampa fundi mwingine. Nilichukia lakini ule mchoro sikuufuta, nikawa naufungua usiku nikiukuza kwa vidole, na siku niliposikia kikundi kinakwenda Iraki nikasema na mimi nitaenda kuangalia hao mafundi walifanyaje.

Asubuhi tukaenda stendi, huku stendi wanaiita karaji, ukisikia mara ya kwanza unadhani unapelekwa kutengeneza gari. Unakaa kwenye gari ndogo mpaka watu watimie ndo mnaondoka, kama kwetu tu. Vizuizi vya njiani vingi, askari anaangalia paspoti anauliza "Basra?" Cha kwanza sikuelewa. Mwalimu akanieleza kwamba Basra na Zubayr kuna Wairaki weusi, wapo karne na karne, kwa hiyo mtu wa huku akiona sura kama yangu haoni mgeni kutoka mbali, anaona mtu wa Basra. Nilifurahi kidogo halafu nikanyamaza.

Nasiriyah tumefika jioni, baridi ya mwezi wa kwanza huku si mchezo, chumbani kuna jiko la mafuta ya taa la kuotea na harufu yake imenirudisha kwa bibi Pangani. Chai wanaleta kwenye vigilasi vidogo, sukari imelala chini hujakoroga, nikauliza hiki wanakiitaje, muhudumu akasema istikan. Istikani! Neno la bibi kabisa hilo, siku hizi nyumbani sijui nani analitumia.

Siku ya 2: Ur

Ur, mji mwingine wa kale, ipo karibu na Nasiriyah, unapita jirani na kambi ya jeshi la anga halafu unaiona, ziguratu, mlima wa tofali umekaa peke yake kwenye tambarare. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha mwenyeji, tukalipa.

Niseme mapema, ile ngozi ya chini nzuri nzuri mnayoiona kwenye picha na ngazi zake ni matengenezo ya miaka ya 1980 enzi za Saddam. Fundi unaiona tu, mistari imenyooka mno. Lakini ya zamani ipo ndani yake na imeonekana sehemu sehemu, na hapo ndo nilikaa saa mbili mpaka Mwalimu akaenda zake kutafuta chai.

Kaijenga mfalme Ur-Nammu miaka kama 4,100 iliyopita, mwanae Shulgi akamalizia, kwa ajili ya Nanna mungu wao wa mwezi. Kitako ni kama mita 60 na kitu kwa 40 na kitu. Tumbo lote ni tofali mbichi za udongo za kukausha juani, halafu nje wakaivisha koti la tofali za kuchoma unene wa kama mita mbili na nusu, na saruji yao ilikuwa lami. Lami yenyewe hii hii nyeusi, ardhi ya huku inaitoa yenyewe. Niliweka kidole kwenye jointi, ngumu kama jiwe, bado nyeusi. Katikati ya tabaka wametandika mikeka ya matete ili jengo lishikane lisipasuke, na ukutani wameacha vitundu kila baada ya hatua kadhaa ili unyevu wa ndani upate pa kutokea. Jamani. Kuna ukuta wa kuzuia udongo Tanga nilishaushuhudia unaanguka mvua ya kwanza kwa sababu mtu alibana hela ya vibomba vya kutolea maji, na hawa walilijua hilo kabla ya Nabii Musa.

Tofali nyingi zina muhuri wa mfalme, maandishi ya misumari, maana yake ni Ur-Nammu mfalme wa Ur aliyejenga nyumba ya Nanna. Tofali za kwetu zina nyayo za kuku. Na zao pia wakati mwingine, lipo tofali la Ur kwenye makumbusho ya Philadelphia lina nyayo za mbwa, alipita likiwa bichi, hakuna aliyemfukuza.

Yule Mwingereza Leonard Woolley alichimba hapa kuanzia 1922 mpaka 1934, ndiye aliyekuta makaburi ya wafalme na dhahabu zote. Papa Francis naye alifika hapa Machi 2021, kwa sababu kwa Wakristo na wengine wengi hii ndiyo Ur ya Nabii Ibrahim. Mimi kilichonimaliza ni mlango mmoja wa jengo wanaloliita Edublalmah, una tao la tofali, ni moja ya matao ya zamani sana yaliyobaki duniani na unapita chini yake kichwa kikiwa salama. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Mlinzi akanikohoa.

Siku ya 3: mvua

Hakuna safari. Dereva wa jana tulishakubaliana bei ya Eridu, asubuhi mvua ikapiga, akaja akasema bei mara mbili kwa sababu ya matope, Mwalimu akamwambia kwa Kiarabu cha vitabuni kwamba ahadi ni deni, dereva akacheka akaondoka zake. Ukweli barabara ya kule ni ya vumbi, na udongo wa huku ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Tumeshinda kwenye mgahawa. Watu wanasalimiana "shaku maku", yaani kuna nini na hakuna nini, mpaka jioni na mimi nikawa najibu.

Siku ya 4: Eridu

Jua limetoka, tumepata dereva mwingine, mzee mpole wa makamo ya Mwalimu, na karatasi ya ruhusa mkononi. Kutoka Ur ni kama kilomita 20 na kitu kusini magharibi. Barabara inakwisha halafu kuna njia ya magari tu kwenye jangwa, ardhi ina ukoko mweupe, ukidhani ni umande kumbe ni chumvi. Mwalimu akaanza kunihadithia kwamba chumvi kama hii ndiyo waliyokuwa wakiparua watumwa wa Zanj kule mabonde ya Basra, wengine waliletwa kutoka pande zetu za Afrika Mashariki, mpaka mwaka 869 wakainuka na kupigana na khalifa miaka 14. Nikawa naangalia chini njia nzima.

Halafu gari ikasimama. Nikauliza hekalu liko wapi, dereva akanyoosha kidole. Kichuguu. Kikubwa, ndiyo, cha kupanda dakika kadhaa, kimelala katikati ya bonde la mchanga, lakini kichuguu. Waarabu wanakiita Tell Abu Shahrain. Hakuna ukuta umesimama, kibao tu na upepo. Mtandao ulikuwa unashika kidogo nikapiga picha nikamtumia kijana wangu wa kazi Tanga, akajibu, "Fundi, hii si kichuguu?" Nikamwambia ndiyo, panda juu uone.

Ukipanda, chini ya viatu panalia kama unakanyaga maganda ya korosho, ni vigae vya vyungu, maelfu, vingine vina mistari ya rangi ya kahawia iliyochorwa kwa mkono miaka 6,000 na zaidi iliyopita. Nikaokota kitu kimejipinda kama kipande cha kwato, Mwalimu akasoma kwenye simu yake, kumbe ni mundu. Mundu wa udongo wa kuchoma! Kusini yote huku hakuna mawe, hakuna chuma enzi hizo, basi wakafinyanga mundu, wakauchoma mpaka ukawa mgumu, wakaenda kuvuna shayiri. Makali nimeyapitisha kwenye dole gumba, bado yanakwaruza. Nikaurudisha palepale kama ulivyolala, kuchukua ni kosa la jinai na hata ingekuwa si kosa.

Juu kabisa ndiyo mabaki ya ziguratu ya mfalme Amar-Sin, mjukuu wa yule Ur-Nammu, tofali zake zenye muhuri zimezagaa. Hiyo ndiyo mpya, miaka 4,000 tu. Chini yake kwenye kona moja ndo walipochimba Fuad Safar, Muiraki, na Seton Lloyd, Muingereza, kwa ajili ya idara ya mambo ya kale ya Iraki, 1946 mpaka 1949. Walishuka hekalu baada ya hekalu mpaka wakagusa mchanga msafi ambao hakuna mtu aliwahi kujenga juu yake. Mashimo yao mchanga umeyafukia tena, ndo maana huoni kitu.

Sasa mimi nilikuwa na futi kwenye begi, fundi hatembei bila futi. Nikamwambia Mwalimu nisomee vipimo. Chini kabisa hekalu ni chumba kimoja, hakifiki mita 3 kwa upande. Nikaseti kwa kisigino kwenye mchanga, pembe nne, mlango nikaacha, nikarudi nyuma kutazama. Jamani ni jiko la uani! Ni chumba ambacho mtu anapanga akianza maisha. Hekalu lililofuata juu yake nalo dogo vilevile, ukutani lina shubaka refu la kuingia ndani na humo wamejenga kitako cha tofali, katikati ya chumba kitako kingine chenye alama za kuungua, cha kutolea sadaka. Tukaingia wote wawili tukasimama. Wangeingia watu wanne, watano wakibanana. Hii ni miaka zaidi ya 7,000 iliyopita, hao hata kuandika walikuwa bado, kwa hiyo ukiwaita Wasumeri, wale watu wa kale wa huku kusini wa enzi za maandishi, unawawahisha, lakini nyumba ya mungu waliyoianza pale ndiyo Wasumeri waliyokuja kuiita ya Enki, mungu wa maji matamu ya chini ya ardhi.

Halafu nikaseti la nane, wachimbaji wanahesabu kutoka juu kwenda chini, mita kama 21 kwa 12, nikaishiwa nafasi nikamaliza kwa kukadiria. Lile lina ukumbi mrefu katikati, vyumba pembeni, kuta za nje zimevunjwavunjwa kwa nguzo na vishubaka. Na kwenye mahekalu ya juu ya hapo wachimbaji walikuta mifupa ya samaki kwa wingi pamoja na majivu, yaani watu wa bwawani walimletea mungu wa maji samaki, wakala, mifupa ikabaki.

Hapo pikipiki ikaja inarukaruka. Mlinzi. Kaona watu wawili wanapima ardhi kwa futi, akajua tunatafuta dhahabu. Mwalimu akajieleza, karatasi ikatolewa, akasema huyu ni fundi wa kujenga kwao Tanzania. Mlinzi akanitazama mikono. "Usta?" Ndiyo, usta, huku ndo wanavyomwita fundi mkubwa. Akashuka, akaingia kwenye kile chumba changu cha kisigino kupitia mlangoni, hakuvuka ukuta, akakaa chini akawasha sigara.

Tulipokaa pale nikasoma mwenyewe taratibu nikapata nilichokifuata. Hawakubomoa na hawakujenga juu ya magofu. Hekalu likizeeka, kuta wanaziacha zimesimama, vyumba wanavijaza vikajaa kabisa, jengo zima linageuka kuwa jukwaa, kisha linaongezwa kwa nje, jipya linakaa juu yake likiwa pana zaidi. Kwa hiyo msingi wa lile la juu ni hekalu la chini lote na roho yake. Mteja wangu alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba banda lake lilikuwa na kuta za fito na yeye hakutaka kujaza hata toroli moja la kifusi.

Orodha ya wafalme wa Kisumeri inasema ufalme uliposhuka kutoka mbinguni ulikuwa Eridu, na mfalme wa kwanza Alulim akatawala miaka 28,800. Mwalimu akasema Nabii Nuhu mwenyewe kakaa na watu wake miaka 950, huyu Alulim alikuwa analipwa kwa mwezi nini. Nikamuuliza na wewe Mwalimu hupati shida kutembelea nyumba ya masanamu, akanijibu Mungu kasema tembeeni katika ardhi mtazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia, sasa mimi nimetembea natazama, shida iko wapi.

Mto ulihama, bwawa likakauka, chumvi ikapanda, watu wakaondoka. Tulipoondoka upepo ulishaanza kufuta zile pembe.

Siku ya 5: Chibayish, mabwawani

Kwa sababu Eridu ilikuwa mji wa bwawani na sasa ni jangwa, Mwalimu akasema twende tuone bwawa lenyewe. UNESCO waliiweka Eridu, Ur, Uruk na mabwawa haya kwenye urithi wa dunia kwa pamoja 2016, na ukifika unaelewa kwa nini ni kitu kimoja.

Tulikaribishwa ndani ya mudhif, ukumbi wa wageni wa matete matupu. Matita ya matete mazito kuliko kiuno changu yamesimikwa mistari miwili, yamepindwa juu yakakutana, mikeka juu yake, kamba za matete hizohizo, msumari hakuna hata mmoja. Nyumba za namna hii zimechongwa kwenye mawe na mihuri ya Uruk ya miaka 5,000 iliyopita, ukiweka picha pembeni ni ileile. Mashua zao nyembamba wanazipaka lami nje. Nikawaeleza kupitia Mwalimu kwamba kwetu mashua inapigwa kalafati, pamba na mafuta, kisha inapakwa sifa, mzee wa pale akauliza sifa ni nini, Mwalimu akahangaika sana kupata Kiarabu cha mafuta ya papa yaliyooza.

Saddam aliyakausha mabwawa haya miaka ya 1990 ili wapinzani wake wakose pa kujificha, baada ya 2003 watu wenyewe wakabomoa matuta na maji yakarudi, lakini si kama zamani, mvua haba, mabwawa ya umeme ya juu ya mto yanabana, na tuliyoyaonja yana chumvi. Nyati wao wamesimama kwenye tope wanatutazama. Mchana samaki wa kubanikwa. Nilimaliza, nikaangalia mifupa kwenye sahani, nikacheka peke yangu.

Siku ya 6: Warka, halafu kurudi

Uruk, wenyewe wanasema Warka, ipo upande wa Samawah, tukaipitia njiani. Kubwa mno, ukuta wake wa zamani ulizunguka kama kilomita 9 na nusu. Utenzi wa Gilgamesh unaanza kwa kumwambia msikilizaji apande juu ya ukuta huu, akague msingi, atazame kazi ya tofali. Yaani shairi zima la mfalme linaanza na ukaguzi wa ujenzi, hapo nilitamani niwajue hao watu.

Lilipo Hekalu Jeupe ni jukwaa la juu kama mita 12, hekalu lenyewe lilikuwa mita 17 na nusu kwa 22, limepakwa chokaa, na nchi tambarare vile watu walikuwa wanaliona wakiwa bado mbali kabisa. Ng'ambo yake ndiyo Eanna, eneo la hekalu la Inanna, mungu wao wa kike, na humo ndo vilipotoka vibao vya maandishi ya mwanzo kabisa, maelfu, na vingi si dua wala hadithi, ni hesabu za stoo: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, nani kapewa bia. Wajerumani wamechimba hapa tangu 1912, na walinzi wa eneo ni ukoo uleule kizazi baada ya kizazi.

Mlinzi alinionyesha vijiti vya udongo wa kuchoma vyenye umbo la koni, urefu wa kidole. Kichwa cha kimoja bado kina wekundu. Walikuwa wanavichomeka ukutani plasta ikiwa mbichi, kimoja kimoja, vichwa vyeusi, vyekundu na vyeupe, mpaka ukuta mzima unatoka nakshi kama mkeka wa ukili. Na si urembo tu, udongo ule umeshonwa, mvua haiupati. Nikajaribu kukadiria vijana wangu wawili wangemaliza mita moja ya mraba kwa siku ngapi nikaacha, maana wangeomba hela ya chakula kabla ya mstari wa pili.

Samawah tulisubiri gari mpaka jua linazama. Hapo ndo nikamtumia yule mteja picha ya kichuguu na maelezo marefu, jinsi ya kujaza vyumba, jinsi ya kutanua jukwaa, nikamaliza kwa kumwambia ulikuwa na haki nusu. Akajibu ndani ya dakika moja, picha tatu bila salamu: ukuta wa jikoni kwake, ufa kutoka dirishani hadi chini, na picha ya tatu ameingiza kidole. Chini yake, "Unarudi lini?"